Mkono na Keekee: Mjadala Juu ya Uzibaji wa Meno

Jino likishatoboka halijiponyi kama ngozi iliyochubuka. Gamba lake la nje, ambalo kwa ugumu halina mfano katika kiungo kingine chochote cha mwanadamu, halina chembe hai za kulijenga upya, na kwa sababu hiyo kila akusudiaye kuliokoa jino lililooza hana budi kwanza kuuondoa uozo, na baadaye kuliziba pengo kwa kitu kigeni. Katika kazi hiyo ya kwanza waganga wa meno wana silaha za namna mbili: zile ziendeshwazo kwa nguvu ya vidole peke yake, kama vile kijiko cha kukwangulia, kishoka na patasi ndogo, na zile zizungukazo, ambazo ni keekee za kila aina, tangu ile ya kukanyagwa kwa mguu hata hii ya upepo ambayo mlio wake wajulikana, na kuogopwa, na kila aliyewahi kukalia kiti kile.

Ipi kati ya hizi yastahiki kutangulizwa ni suala linaloonekana kuwa la mafundi peke yao, ilhali kwa hakika lawahusu watu wote wenye meno, kwa kuwa jawabu lake ndilo liamualo ni nani atakayezibwa jino lake na ni nani atakayeambiwa kwamba dawa yake ni kung'olewa. Kwa ajili hiyo nimewaita barazani wasemaji wanne. Hawa si watu wa hospitali fulani, wala majina yao yasitafutwe. Kila mmoja amechukua hoja ambayo husemwa kweli na wenye kazi hii. Daktari ni mwalimu wa wanafunzi katika mji mkubwa. Tabibu ni mwanamke aliyezoea zahanati za mashamba. Fundi hutengeneza mitambo. Na Mzazi ni mama mwenye watoto. Mimi ni katibu wa baraza, ila nitasema pale ambapo kunyamaza kutakuwa ni dhuluma.

DAKTARI: Bibi Tabibu, nanyi wenzangu mlioketi, naanza kwa kuwaomba msighuriwe na mapenzi ya vitu vya kale. Kabla ya keekee kupata mwendo wake wa leo, kuzibwa jino kulikuwa ni adhabu. Mwaka 1871 Mmarekani James Morrison alipata hataza ya keekee iliyozungushwa kwa kukanyaga ubao kwa mguu, kama cherehani, na watu wakaihesabu kuwa ni neema kubwa, ingawa mizunguko yake kwa dakika ilikuwa ya mamia, au ikizidi sana, elfu mbili. Miaka minne baadaye George Green akaleta ya umeme. Hata hivyo ncha za chuma zilipoteza makali upesi juu ya gamba la jino, na mgonjwa alitikiswa mpaka mifupa ya kichwa. Zilipoenea ncha za tangsteni kabaidi mwishoni mwa miaka ya 1940, na John Walsh wa New Zealand alipoonyesha mwaka 1949 kwamba upepo waweza kuzungusha gurudumu dogo lililofichwa ndani ya kichwa cha chombo, ndipo mlango ulipofunguka. Na mwaka 1957 John Borden wa mjini Washington akatoa keekee ya upepo yenye kuzunguka mara 300,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo gamba hukatika kwa kuguswa tu, mtikisiko ukapungua hata usihisike, na kazi ya saa nzima ikawa ya dakika. Anayetaka kutuondolea chombo hiki na aseme kwanza atawaambia nini wagonjwa wanaongoja barazani nje.

TABIBU: Bwana Daktari, nimekusikiliza kwa taadhima, wala sina neno la kukanusha katika tarikhi uliyoieleza. Lakini hiyo mizunguko laki tatu hukata nini? Hukata gamba zima kwa wepesi ule ule ikatiao lililooza, wala haina habari ya tofauti baina ya hayo mawili. Chini ya gamba lipo tabaka la dentini, lililo laini zaidi, lenye vijia vyembamba vielekeavyo kwenye kiini ambamo mna damu na neva. Uozo ukiingia humo hufanya sehemu mbili. Ile ya juu imelowa, imejaa vijidudu, nyuzi zake za kolajeni zimevunjika, haina tena matumaini. Ile ya chini imepungukiwa na madini tu. Nyuzi zake bado zimesimama, na ikifunikwa vizuri isipate hewa wala chakula yaweza kurudiwa na ugumu wake. Kijiko chenye makali huiinua ile ya kwanza kwa vipande, na kikifika kwenye ya pili hukataa kuingia, na kukataa huko nakuhisi kwenye mpini kabla jicho halijaona kitu. Keekee ya upepo haimpi mwenyewe habari hiyo. Ikikanyagwa huendelea, na mgonjwa hugundua kesho yake kwamba kiini kimefikiwa.

Tena kuna joto. Mwaka 1965 Zach na Cohen walichapisha majaribio yao juu ya meno ya kima, wakaonyesha kwamba joto la kiini likipanda kwa nyuzi 5.5 tu za sentigredi, sehemu 15 katika mia ya viini hivyo haikupona. Ndiyo sababu keekee yako hairuhusiwi kufanya kazi bila kumwagiwa maji, na maji hayo, Bwana Daktari, safi na yenye shinikizo, si kila mahali yapatikanapo.

DAKTARI: Hakuna mwanafunzi wangu aruhusiwaye kukikaribia kiini kwa keekee ya upepo. Akishafungua gamba huiweka chini akashika ile ya mwendo wa polepole, yenye ncha ya mviringo, na hiyo nayo humpa mkono hisia. Na kama ni ukale unaopimwa hapa, keekee si bidaa. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza habari za makaburi ya Mehrgarh, katika nchi iitwayo leo Pakistani, ambako walikuta meno kumi na moja ya watu wazima tisa yaliyotobolewa kwa ncha za jiwe la gumegume kati ya miaka 9,000 na 7,500 iliyopita.

TABIBU: Na mwaka 2015 likatangazwa jino la Villabruna, kaskazini mwa Italia, lenye umri wa miaka 14,000 hivi, ambalo tundu lake lilikwanguliwa kwa ncha ndogo ya jiwe, kwa mkono mtupu, pasina keekee. Ukale ukiwa ndio hakimu, umeshindwa.

Hapa nawakatiza kidogo, maana mifupa ya kale haiwezi kuamua tiba ya leo. Lakini kwa kuwa tarikhi imetajwa, si haki kumpita Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Kurtuba, aliyekufa mwanzoni mwa karne ya kumi na moja, ambaye katika kitabu chake cha al-Tasrif alichora vikwangulio vya meno vya maumbo mbalimbali, vya kutolea ukoga mgumu, akaeleza kwamba kila upande wa jino wataka chombo chake. Kwa maoni yangu fikira hii ndiyo asili ya elimu yote ya vyombo vya mkono: kwamba chombo kizuri ni kile kilichopindwa kwa ajili ya mahali pake. Sasa Daktari na aendelee.

DAKTARI: Naingia katika hoja iliyo nzito kuliko zote. Kuondoa uozo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulipa tundu umbo. Greene Vardiman Black, ambaye kitabu chake juu ya utabibu wa kuziba meno kilitoka mwaka 1908, alitufundisha kwamba tundu lazima liwe na sakafu sawa, kuta zilizosimama, na kina cha kutosha, na kwamba mipaka yake ipanuliwe hata ifike mahali ambapo uozo hautarejea. Amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki na fedha na bati na shaba, hainati kwenye jino. Hushikwa na umbo la tundu peke yake. Umbo hilo nitalichonga kwa kijiko? Gamba zima halikatiki kwa kijiko!

TABIBU: Alhamdulillahi umemtaja Black, kwa kuwa Black huyo huyo ndiye aliyevipa vyombo vya mkono nasaba yao. Tazama mpini wa chombo cha zamani utaona tarakimu zimechorwa, mathalani 10-7-14. Maana yake ni kwamba makali yake yana upana wa sehemu kumi za milimita, yaani milimita 1. Bamba lake lina urefu wa milimita 7. Nalo limepinda kwa sehemu 14 za duara lililogawanywa sehemu mia. Mtu aliyepima kishoka kidogo kwa hisabu namna hiyo hakukidharau. Na shingo za vyombo hivyo zilipindwa mara mbili, pengine mara tatu, ili ncha ya makali isiwe mbali na mstari wa katikati ya mpini, kusudi mkono ukibana chombo kisigeuke ndani ya vidole.

Ama lile la umbo, ni kweli tupu kwa zama za amalgamu. Wewe ulilichonga jino kwa ajili ya madini yako, ukaondoa na kizima ili kibovu kipate mahali pa kukaa. Lakini mwaka 1972 Alan Wilson na Brian Kent, waliokuwa katika maabara ya mkemia wa serikali mjini London, walichapisha habari za saruji ya glasi-ayonoma, ambayo hujifunga yenyewe na chokaa ya jino na kutoa floridi polepole. Saruji inayonata haihitaji sakafu sawa wala kuta zilizosimama. Yahitaji tundu lililotolewa kibovu, na kando zake ziwe safi. Siku ile iliyopatikana saruji hiyo, hoja yako ya umbo iliondokewa na msingi, ingawa vyuo vimekawia kukiri.

Nasimama tena hapa, na safari hii ni kwa kutoa hukumu. Nimeyasikia mabishano haya mara nyingi yakifanywa kana kwamba ni ugomvi wa chuma na chuma, na sababu yake ya kweli ikaachwa nje. Chombo hufuata kile kitakachozibia. Amalgamu ilimlazimisha mganga kuchonga, na keekee ikawa malkia. Saruji yenye kunata ikamruhusu kukwangua, na kijiko kikarudi katika heshima yake. Anayewafundisha vijana keekee bila kuwaeleza kwamba umbo la Black lilikuwa ni sharti la amalgamu, wala si sharti la jino, anawafundisha ada pasina sababu.

DAKTARI: Katibu ameelemea upande mmoja, lakini na iwe. Nauliza: njia hii ya mkono ilizaliwa wapi? Haikuzaliwa katika elimu, ilizaliwa katika dhiki. Ni tiba ya mahali pasipo umeme. Mbona tuwasifie maskini kile ambacho matajiri hawakitaki?

TABIBU: Ilizaliwa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa skuli ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walijaribu kusafisha matundu kwa vyombo vya mkono peke yake na kuyaziba kwa saruji inayonata, ambayo mwanzoni ilikuwa ya polikaboksileti. Kutoka Tanzania ikaenda kupimwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa walimwengu. Huitwa kwa herufi tatu, ART. Dhiki ilikuwa mkunga wake, sikatai. Lakini mtoto hahukumiwi kwa umaskini wa nyumba aliyozaliwa.

Na sikiliza ifanywavyo, kwa maana wengi huidharau kabla ya kuiona. Mgonjwa hulazwa, hata kama ni juu ya meza ya darasa. Pamba huwekwa kando ya jino kuzuia mate. Ikiwa mdomo wa tundu ni mwembamba, ncha ya kishoka hutiwa na kuzungushwa mbele na nyuma, na lile gamba lisilo na tegemeo chini yake hukatika lenyewe. Hapo kijiko kidogo huanza kazi, na wala hakianzi katikati. Huanza pembeni, pale gamba lipakanapo na dentini, kikizunguka, kwa kuwa uozo ukibaki pembeni saruji haitashika. Sakafu iliyo juu ya kiini huachwa mwisho, nayo huguswa kwa kijiko kikubwa na kwa mkono mwepesi, na kilicho kigumu kiasi huachwa. Kisha tundu husuguliwa kwa asidi nyepesi juu ya kipande cha pamba, huoshwa, hukaushwa. Saruji huchanganywa unga na maji yake, hujazwa hata izidi kidogo, na kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta ya mgando huikandamiza iingie katika kila mfereji wa uso wa jino. Ziada huondolewa, mgonjwa hutafuna hewa tuone kama meno yakutana sawasawa, huambiwa asile kwa muda wa saa moja, huenda zake. Aghalabu sindano ya ganzi haihitajiki.

MZAZI: Naomba na mimi niseme, kwa ruhusa yenu. Mwanangu wa pili alisikia ule mlio kabla hajaingia mlangoni, akashika mlango kwa mikono miwili. Hakuzibwa siku ile, wala mara iliyofuata, na mwisho jino likang'olewa. Nyinyi mnabishana juu ya mizunguko na makali. Mimi nataka kujua ni chombo gani mtoto atakubali kukifungulia kinywa.

DAKTARI: Mama, hofu hiyo naijua na naiheshimu, na mtoto hustahili subira. Lakini na subira ina mipaka, na jino lake la kudumu litakalovunjika upande wa pili miaka miwili baadaye halitakumbuka kwamba hakulia.

FUNDI: Mabwana, mimi si mganga. Niwaambie niyaonayo mimi. Keekee ya upepo haiwi mbovu kwa kufanya kazi. Huharibika kwa kupumzishwa bila kutiwa oili, kwa maji yenye chokaa, na kwa kompresa isiyomwagwa maji yake, ule unyevu ukapanda mpaka kwenye beringi. Beringi zikishaanza kulia, ncha hutetemeka, na ncha itetemekayo hukwaruza jino badala ya kulikata. Umeme ukishuka na kupanda, mota ya kompresa huungua. Nimekuta mashine nzuri, za msaada, zimefunikwa kwa shuka katika chumba cha kituo, zimekosa kifaa kimoja tu cha mpira. Kijiko hakinihitaji mimi. Chataka jiwe la kunolea na jungu la mvuke la kuulia vijidudu.

TABIBU: Ahsante, Fundi. Na tukumbuke mwaka 2020, lilipoenea gonjwa la korona. Vichwa vya keekee hurusha chembechembe za mate na maji hewani. Shirika la Afya Duniani, mwezi wa Agosti mwaka huo, likashauri tiba zenye kutumia vyombo vya mkono na kuepuka kurusha. Miji iliyokuwa na kila kitu ilikirudia kijiko. Na mwaka 2021 saruji ya glasi-ayonoma ikaingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa za lazima. Tiba ya maskini, Bwana Daktari?

DAKTARI: Nimeliondoa neno hilo. Lakini sasa tuweke hisabu mezani, maana insafu haitakamilika bila hiyo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika meno ya utoto, viraka vya ART vya upande mmoja vilivyosimama baada ya miaka miwili vilikuwa 93 katika mia. Nakubali, ni vizuri. Lakini viraka vya pande mbili na zaidi, vinavyofika pale jino lipakanapo na jirani yake, vilikuwa 62 tu. Na mwaka 2017 mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane yakasema kwamba katika meno ya utoto yaelekea ART hushindwa zaidi kuliko njia ya kawaida, ingawa ushahidi wenyewe haukuwa na nguvu. Zaidi ya theluthi ya watoto wenye viraka hivyo vya pande mbili kurudi kitini si jambo la kupitwa kwa maneno mazuri.

TABIBU: Si la kupitwa, wala silipiti. Tundu la baina ya meno mawili ni gumu kwa mkono. Mate huingia, saruji ni dhaifu penye ukingo mwembamba. Tena nitakuzidishia: tundu ambalo mdomo wake ni mdogo kuliko ncha ya kishoka silifungui, kiraka cha zamani cha amalgamu sikitoi, na jino la kuvishwa kofia silichongi. Hizo ni kazi zako. Ila kwa hilo la watoto ukumbuke kwamba Uskochi mganga Norna Hall aliyaziba magego ya utoto yaliyooza kwa kuyavisha kofia ya chuma iliyo tayari, bila keekee na bila kijiko, uozo ukafungiwa ndani ukakosa chakula. Na wenzake walipopima, wakakuta yadumu. Basi pale mkono uliposhindwa, si lazima mshindi awe keekee.

Maneno hayo ya mwisho yaliwanyamazisha wote wawili kidogo, na mimi naona ilikuwa haki kuwanyamazisha. Tangu wataalamu wa nchi mbalimbali walipokubaliana mwaka 2016 kwamba si wajibu kutoa kila chembe ya dentini laini iliyo juu ya kiini, madhali pembeni ni safi na kifuniko ni madhubuti, sifa ya mganga imehama kutoka katika wingi wa alichokiondoa ikaenda kwenye busara ya alichokiacha. Katika kazi ya kuacha, mkono ni mwalimu bora. Hilo nalisema bila kusitasita, pamoja na kukiri kwamba kuna kazi za kukata ambazo mkono hauziwezi abadan.

DAKTARI: Tuseme nimekubali kiasi hicho. Sisi tunaofundisha, mwataka tufanye nini?

TABIBU: Mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi atahiniwe katika kunoa. Wengi watokao vyuoni hawajui kwamba patasi hunolewa upande wa mteremko wake, ikilala sawasawa juu ya jiwe lililotiwa mafuta, na kwamba kijiko hunolewa mgongoni kwa kuviringishwa. Wala hawajui kuyapima makali kwenye ukucha wa dole gumba, ambako makali mazuri hushika na mabovu huteleza. Kijiko butu huumiza kuliko keekee, na wengi walioisema vibaya njia ya mkono waliijaribu kwa vijiko butu. La pili, mwaka wa kwanza wa mazoezi mwanafunzi asishike keekee kabisa. Aanze kwa kukwangua, ajue kwa vidole vyake kibovu ni kipi na kizima ni kipi, ndipo apewe mashine.

DAKTARI: La kunoa nimelikubali, na jiwe litawekwa katika kila sanduku la vyombo. La pili silikubali. Vidole vya keekee ya upepo navyo hujengwa kwa miaka, na mkono unaochelewa kuishika hubaki na woga. Nitawapa vyote viwili kwa pamoja tangu siku ya kwanza.

TABIBU: Watachagua kile chepesi, Bwana Daktari, na kijiko kitabaki sandukuni.

DAKTARI: Basi usahihishaji wa mtihani wa kijiko utakuwa mkononi mwako, na asiyefaulu kwako hataruhusiwa kugusa mgonjwa. Je, utakuja?

TABIBU: Nitakuja, kwa sharti kwamba na walimu wenyewe watahiniwe.

FUNDI: Hapo mtamhitaji mtu wa kuleta mawe.